Maua ya Mnyapara

Nianze na sauti, maana ndiyo iliyokuwa ikifika kabla yake. Mnyapara akikohoa upande wa juu wa kijiji, kuku wa upande wa chini waliacha kudonoa. Asubuhi moja aliita mbuzi wake aliyepotea, na hapa siongezi chumvi hata punje, treni ikachelewa kuondoka Korogwe kwa sababu dereva alidhani ameambiwa asubiri. Ndivyo walivyo watu waliozeekea kwenye mashamba ya mkonge. Yeye alikuwa msimamizi wa wakataji, na ukisimamia watu waliotawanyika katikati ya majani yenye miiba, huwezi kuwanong'oneza.

Jina alikuwa nalo, liliandikwa mahali fulani kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini sote tulimwita Mnyapara, mpaka watoto: "Shikamoo Mnyapara!" Naye akiitikia marahaba, mtoto alirudi nyuma hatua moja kwa upepo. Alikotoka hakukutaja. Alisema "bara" tu, basi, na bara ni kubwa. Alipostaafu mkonge aliingia kijiji chetu cha Ujamaa, huku Handeni, wakati nyumba zinapangwa kwa mistari na kila mtu anaonyeshwa kiwanja chake kwa kamba. Kamba ikaanguka hivi kwamba mlango wake ukatazamana na wangu. Kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona niliyasikia, maana Mnyapara hata akiwaza peke yake jirani ulikuwa unasikia.

Huyo basi, mwenye sauti hiyo na viganja kama gome la mgunga, ndiye mwanamume pekee niliyepata kumwona akirudi kutoka porini asubuhi na fungu la maua begani, kama mwenzake anavyobeba kuni.

Msidhani alikuwa na wazimu. Sababu alikuwa nayo, na kijiji kizima kiliijua. Sababu ilikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa Msambaa wa Mashewa. Alikuwa ameishi na Mnyapara kambini kwenye mkonge ujana wake wote, katika zile nyumba za wafanyakazi zinazofanana kama maharage. Kwa miaka yote hiyo aliahidiwa kwamba mkonge ukiisha watakwenda kujenga kwao, kwenye mteremko wenye maji na migomba. Mkonge ulipoisha, Mnyapara akasikiliza hotuba moja ya Ujamaa, akapandwa na moyo, akaandikisha familia yake Handeni. Akarudi nyumbani kumwambia mkewe afunge mizigo. Mama wa watu akafunga mizigo. Akafika kwetu, akashuka kwenye lori, akatazama nyumba zetu zilivyonyooka kutoka kwenye ghala hadi mwisho wa upeo.

"Kambi nyingine," akasema.

Akakaa msimu mmoja wa kilimo. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila nilipokwenda kwake kuomba moto alikuwa akitazama ule ukuta mtupu wa udongo kama mtu anayesoma habari mbaya. Mahindi yalipokwisha kuvunwa alijitwika mzigo wake. Nilikuwa nafagia uwanja wangu, nikasikia alichomwambia mumewe mlangoni: "Nakwenda kwa kaka yangu. Siku nyumba hii itakapoacha kuwa kambi, nitarudi." Mnyapara akasema, "Haya." Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hata mimi niliye mkabala naye nilimsikia kwa taabu.

Wiki ile ile akaanza kuchuma.

Alikuwa na namna yake. Alitoka kabla jua halijapata nguvu, amevaa koti kuukuu lenye viraka vya gunia, na kisu chake cha mkonge mkononi. Alisema ua likichumwa jua likiwa juu linafika nyumbani limekwisha kukata tamaa. Kwa kawaida hakuchuma karibu. Hakuchuma pia kichaka kizima, alibakiza: "Nyuki naye ana familia." Masika alirudi na maua ya zambarau ya mabondeni na yungiyungi kutoka lambo la ng'ombe, ameloa hadi kifuani. Kiangazi, ambapo Handeni yetu inakauka hata mate mdomoni, alirudi na matawi ya mjohoro yenye maua ya manjano, na ya mgunga yenye vijiua kama pamba na miiba kama sindano za hospitali. Mara moja akatuletea matawi ya mgunga pamoja na nyuki wenyewe. Walimkimbiza hadi lambo, na mimi nikifua kwangu nikakimbizwa kwa ujirani tu. Kesho yake uso wake ulikuwa boga. Akaniuliza, "Lakini harufu umeisikia?"

Vyombo vyake vilikuwa makopo. Kopo la samli, kopo la maziwa, chupa za soda, kibuyu kilichopasuka shingo. Alivisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa. Wakati sisi tunagombania maji kisimani kama tunagombania pepo, yeye alitenga kata moja kila siku kwa ajili ya makopo, na yeye mwenyewe akanawa uso tu. Kuta alizipaka chokaa. Juu ya mlango alitundika mashada. Ila kwenye kitanda chake kulikuwa na mkeka uliochanika, na chakula chake kilikuwa ugali na chumvi, na mchicha siku nikimpelekea. Nilimwambia, "Mzee, nyumba imevaa kuliko wewe." Akanguruma, "Anayengojwa halijii koti langu, anaijia nyumba."

Mimi na yeye tuligombana mara moja tu, kwa sababu ya maboga. Nilikuwa nimepanda maboga nyuma ya jiko, yamechanua vizuri, nikijihesabia futari ya mfungo mzima. Naamka asubuhi: hakuna ua. Hata moja! Navuka njia, nachungulia kwake, maua yangu yote yamesimama kwenye makopo, ya manjano, mazuri kwa kweli, lakini futari yangu!

"Mnyapara! Umenimalizia maboga!"

"Nimechukua maua. Maboga nimekuachia."

"Maboga yanatoka wapi, mzee wangu? Si kwenye hilo ua?"

Akalitazama ua. Akanitazama mimi. Mtu aliyesimamia mkonge maisha yake yote, hajawahi kungoja tunda; mkonge unauvuna majani. Nikamvuta mpaka bustanini, nikamwonyesha ua lililokuwa linataka kufunguka. "Hili lenye kiboga kidogo chini ya shingo ni jike. Hili lenye bua jembamba ni dume, hilo chuma kwa amri yako." Akachuchumaa pale kwa muda mrefu, anayageuza moja moja kwa kidole.

"Kwa hiyo dume ni la kupamba tu," akasema.

"La kupamba na kusindikiza."

Akacheka mpaka mbwa wa mwenyekiti wakabweka. Tangu siku ile kila asubuhi nilikuta ua dume la boga kizingitini kwangu, na mume wangu akaanza kuuliza maswali.

Kwenye darasa la kisomo cha watu wazima tulikaa benchi moja. Aliandika herufi kubwa kubwa, zimenyooka kama zinakaguliwa. Mwalimu wetu, kijana mpole, alimsifu, kisha akamshauri: "Sasa unaweza kumwandikia mama barua, Mzee. Umwombe arudi." Mnyapara akafuta ubao wake kwa mkono wa koti. "Barua ni maneno," akasema. "Maneno yangu anayajua, amekwisha kuyasikia yote. Mengi yalikuwa amri."

Hakuwa mtu wa misemo, lakini aliacha michache. Mvivu alimwambia, "Jua halina mapumziko ya chai." Nikimhurumia kwa kutembea mbali kutafuta maua alisema mkonge ni mti mpumbavu: unaishi miaka bila kuchanua, halafu unachanua mara moja na kufa. "Mimi sitaki kusubiri hivyo," akasema, akaenda zake kutafuta ndoo.

Sifa za watu hakuzijali. Walikuja wageni kutoka wilayani kukagua kijiji, na mwenyekiti wetu, ambaye alipenda wageni kuliko mvua, akamwendea mapema. "Ndugu Mnyapara, tunaomba yale maua yako tuyapange mezani kwa wageni. Ni kwa ajili ya kijiji."

"Nguvu zangu ni za kijiji," Mnyapara akajibu. "Mahindi yangu ni ya kijiji. Maua yana mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mbona haonekani?"

"Ndiyo maana sitaki yachukuliwe. Akitokea leo je?"

Mwenyekiti akaondoka amenuna. Wageni wakapewa meza yenye bilauri tupu. Lakini walipopita mtaani wakasimama mbele ya mlango ule, wakashangaa, wakasema hii ndiyo nyumba bora ya kijiji cha mfano. Mnyapara akapokea sifa kama mtu anayepokea barua ya jirani. Walipokwisha kuondoka akaniuliza, "Yule mmoja ni mtu wa Mashewa?" Nikamwambia sidhani. Akaingia ndani.

Sasa niwaambie siku ya mrehani.

Yeye, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa bara. Kwetu Waislamu wa huku mrehani tunaupanda makaburini, na matawi yake tunayaweka kwa maiti. Mnyapara alijua tu kwamba unanukia. Aliukuta umejiotea porini, akaukata tita zima, akalifunga kwa kamba ya mkonge, akarudi nalo. Siku hiyo alitaka kupaka chokaa upya, kwa hiyo akatoa kitanda nje, akakiweka uwanjani kando ya ukuta, akatandika shuka nyeupe aliyoifua ikauke juu yake, na juu ya shuka akaumwaga mrehani. Halafu akachoka. Akakaa kizingitini, kichwa mikononi.

Wa kwanza kupita alikuwa mama mkwe wangu. Aliona kitanda nje, shuka nyeupe, mrehani, na mzee ameinamisha kichwa. Alirudi mbio kwangu, tayari amejitanda kanga kichwani.

"Mkewe amefariki huko Mashewa! Habari zimekuja!"

Dakika chache tu uwanja ukajaa. Wanawake na unga, wanaume na kuni, mwenyekiti na uso wa huzuni. Mama mkwe akaanza kulia, na yeye akilia alikuwa anajua kulia. Mnyapara akainua kichwa akatukuta.

"Pole, Mzee," nikasema. "Amefariki lini?"

"Nani?"

"Mama."

Nilichokiona usoni mwake sitaki kukitia chumvi. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Ile sauti! Akashika nguzo ya mlango. "Nani amewaambia?" akauliza, kwa sauti ya mtoto. "Nani amewaambia?"

Ilibidi sisi tuliokuja kumfariji juu ya msiba ambao haupo tumfariji sasa juu ya msiba tuliomletea. Tukamweleza mrehani. Tukamweleza kitanda. Akaelewa polepole, akavuta pumzi, na alipokwisha kuivuta yote alitutukana vizuri, mmoja mmoja, na unga tukarudi nao.

Lakini habari ina miguu kuliko mtu. Mchuuzi mmoja wa Manundu, mtaa wa Korogwe, aliyekuwa akileta chumvi na sabuni kwenye gulio letu, alikuwa amepita wakati ule kilio kimepamba moto. Alirudi Korogwe akasema: kwa Mnyapara kuna msiba. Korogwe ikaipeleka Mashewa. Huko Mashewa walijua Mnyapara anaishi peke yake. Sasa kwenye nyumba ya mtu mmoja, kukiwa na msiba, nani amekufa?

Siku chache baadaye, mchana, tukasikia kilio njia ya barabara kuu, kilio cha Kisambaa. Mkewe alikuwa mbele, kanga kichwani, vumbi hadi magotini, kaka yake nyuma na mzigo wa ndizi za matanga. Nikatoka kumpokea nimwambie, lakini alinipita kama hanioni. Akasimama mlangoni kwake. Ndani, Mnyapara amepanda kigoda, anatundika shada juu ya dirisha, kamba mdomoni.

Kilio kikakatika.

"Wewe," mkewe akasema. "Hujafa?"

Mnyapara akatoa kamba mdomoni. "Bado."

"Kwa nini? Mimi nimetoka Mashewa nalia!"

"Samahani," akasema Mnyapara. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, na nadhani mkewe pia, maana alitafuta mahali pa kukaa.

Alikunywa maji. Halafu akainuka, akaanza kuitazama nyumba. Kaka yake alikuwa ameshusha ndizi uwanjani. Alipita kwenye chokaa, akapita kwenye makopo. Makopo yalikuwa yamejipanga kando ya ukuta kwa urefu, mafupi mbele, marefu nyuma, nafasi sawa kati ya kopo na kopo, maua ya rangi moja mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimeyaona kila siku nikasema mazuri. Yeye akasimama mbele ya makopo.

"Umechuma vizuri," akasema. "Umetembea mbali, naona. Lakini umeyapanga foleni. Yanangoja kuitwa kazini."

Mnyapara akatazama makopo yake. Akashuka kwenye kigoda.

"Yapange unavyotaka," akasema. "Nitayaacha hivyo hivyo."

"Si makopo, mume wangu. Huku ulikuja bila kuniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Ndiyo hivyo," akasema mkewe, kwa upole kabisa, hata ikawa mbaya zaidi. Akachukua kopo moja, lile la yungiyungi, akalisogeza kwenye kona karibu na dirisha, peke yake, limeelekea upande. Akalitazama. Kisha akajifunga kanga yake, akamwambia kaka yake twende, jua linakwenda. Ndizi za matanga wakaziacha. Tulizila wiki nzima, tamu kweli, na hatukuweza kumtazama Mnyapara machoni.

Baada ya hapo aliendelea kuchuma, lakini alikuwa akirudi amechelewa, na maua mengine aliyaacha juu ya kigoda bila maji. Asubuhi moja sikulikuta ua la boga kizingitini. Nikavuka njia. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Makopo yalikuwa na maji, mengine katikati ya chumba, mengine pembeni, moja juu ya kinu, kama mtu aliyejaribu usiku kucha kupanga bila kupanga na hakufanikiwa. Koti halikuwepo. Kisu hakikuwepo. Mwenyekiti alikasirika, akasema mtu haachi kijiji kama anavyoacha klabu ya pombe. Mimi nilimwagilia maua yale mpaka yaliponyauka, na nyumba akapewa mwingine, akafuga bata.

Miaka ikapita. Sikumsikia tena, na kwa mtu mwenye sauti ile niliona hiyo ni dalili mbaya.

Kisha mdogo wa mume wangu akachumbia Mashewa. Tukapelekwa ukweni kwa gari la mizigo, tukashushwa chini, tukapanda. Huko kwao mtu hatembei, anapanda. Nilikuwa nimesimama njiani natafuta pumzi zangu, nikasikia juu, nyuma ya migomba, mtu anakohoa. Kuku waliokuwa karibu nami wakaacha kudonoa.

Sikuaga mtu. Nikaifuata njia ile, imejikunja kunja kama utumbo, mpaka kwenye nyumba ndogo ya udongo. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, anachambua maharage. Yeye alikuwa kando yake, amekonda, nywele nyeupe zote, anatoa mawe.

"Shikamooni."

"Marahaba," akanguruma, na migomba ikaitika. Akanitambua. "Mwenye maboga!"

Nikakaribishwa, nikapewa maji, nikapewa ndizi. Nikaeleza habari za Handeni mpaka bata. Mwishowe sikuweza kuvumilia, nikauliza ilikuwaje.

"Nilikuja kumchukua," akasema Mnyapara.

"Alikuja kunichukua na mzigo wake mwenyewe begani, koti na kisu," mkewe akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Nikamwambia, weka mzigo chini kwanza, upumzike. Bado anapumzika."

"Majirani walinicheka," Mnyapara akasema. "Mwanamume anahamia kwa mke."

"Wanacheka mpaka leo," mkewe akasema.

"Wanacheka mpaka leo," akakubali, na akacheka yeye mwenyewe, kicheko kile kile, ila kimepungua upana.

Mkewe akaweka ungo pembeni. Akanitazama mimi mgeni, akaitazama nyumba, mlango uko wazi, ndani kunaonekana giza la baridi. "Mgeni amekuja na ndani hakuna hata ua," akasema. "Ya jana yamekwisha."

Mnyapara akainuka, goti moja kwanza, halafu la pili. Akakitoa kisu chake kwenye paa. Nikadhani ataondoka, maana bondeni maua yalikuwa yamejaa, mekundu na ya manjano na yale meupe ya kandokando ya mfereji. Akafika mwanzo wa njia akasimama. Akageuka.

"Mama," akasema. "Nikachume yapi?"

Mkewe alitazama bonde, kisha mlima, kisha anga.

"Ngoja nifikiri," akasema.

Mnyapara akangoja.